Ng'ombe Mgeni na Hatari ya Ndigana Kali

Kwa familia nyingi za Kata ya Majengo, mtamba wa maziwa ni akiba ya miaka kadhaa. Hasara huwa kubwa pale mnyama aliyenunuliwa mkoa wa mbali, akiwa na afya njema, anapokufa kabla hajazaa. Lawama huangukia muuzaji, na pengine jirani anayesemwa kuwa na jicho baya. Mtaalamu wa mifugo huanza kwa kukagua masikio ya mnyama.

Ufugaji katika pembe hii ya nchi haukupata kuwa kazi nyepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika kupitia Eritrea mwaka 1887, ulipita Afrika Mashariki na kuangamiza sehemu kubwa mno ya ng'ombe. (Ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.) Pale mifugo ilipokwisha, vichaka viliota tena, na mbung'o waenezao ndorobo wakajipatia makao. Uwanda wa Ufipa, ulio wazi na wenye baridi, katika mwinuko wa takriban mita 1,800, haukuwafaa; misitu ya miombo ya upande wa Mpanda iliwafaa sana. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Bonde la Rukwa, hasa kuanzia miaka ya 1970 na 1980, walikuta malisho mapya pamoja na magonjwa mapya.

Ndigana kali huenezwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Kijidudu chake hushambulia chembe nyeupe za damu. Tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, homa hupanda, mnyama huacha kula, kisha hupumua kwa shida na kutoa povu puani. Asipotibiwa, anaweza kufa ndani ya wiki mbili hadi nne. Ng'ombe wa asili waliokulia penye kupe hujenga kinga kiasi, ingawa ndama wao nao hufa. Ng'ombe mgeni, hususan wa maziwa, hana kinga hiyo, na kupe walewale wasiomsumbua fahali wa jirani humuua yeye.

Kupe hukaa siku kadhaa mwilini kabla ya kuambukiza. Hapo ndipo ilipo faida ya kuogesha kila wiki: dawa humuua kupe kabla hajamaliza kazi yake. Mfugaji anayeogesha pale tu anapoona kupe wamejaa huwa amekwisha kuchelewa.

Ipo pia chanjo, ambayo kwa kawaida hutolewa mara moja katika maisha ya mnyama, pamoja na sindano ya dawa ya kuzuia ugonjwa usizidi. Huhifadhiwa katika baridi kali mno, na ikishayeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache kwa ng'ombe wengi. Kwa sababu hiyo mwenye mtamba mmoja hana budi kuungana na wenzake na kumwona Afisa Mifugo kwa pamoja.

Anayekusudia kununua ng'ombe nje ya wilaya amwone Afisa Mifugo kabla ya kulipa. Mnyama husafirishwa kwa kibali, na akifika atengwe na wengine na kukaguliwa. Tezi zikionekana kuvimba, taarifa itolewe siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya kutibu ni ghali na husaidia zaidi ugonjwa ukiwa mchanga.