Mwitikio wa Seli Nyekundu kwa Kimelea cha Malaria na Utata wa Istilahi "Selimundu": Mfano wa Uganda Mashariki

1.0 Utangulizi

Katika hospitali ya watoto ya Nalufenya, jijini Jinja, kama ilivyo Mbale, malaria kali na selimundu hukutana katika wodi moja. Makala haya yanaeleza jinsi seli nyekundu ya damu inavyoitikia uvamizi wa kimelea cha malaria, kisha yanaonyesha kwa nini istilahi "selimundu", isipobainishwa, yaweza kumpotosha mzazi na mshauri wa sera pia. Suala hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi; ujumbe wa afya kwa Kiswahili utazidi kuhitajika.

2.0 Seli Isiyo na Kiini

Kimelea Plasmodium falciparum kikishatoka katika ini huingia ndani ya seli nyekundu, hula hemoglobini yake na kuzaliana humo. Seli nyingi za mwili zikivamiwa huamsha jeni zake na kutoa ishara za hatari. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, hivyo haina jeni za kuamsha. Mwitikio wake si uamuzi wa kujihami, bali ni matokeo ya maumbile iliyozaliwa nayo.

Kimelea hunufaika na hali hiyo. Hupeleka protini zake kwenye utando wa seli, nazo huifanya seli inate kwenye kuta za mishipa midogo. Kwa njia hiyo hukwepa bandama, kiungo kinachochuja seli zilizoharibika. Seli hizo zikinata kwa wingi katika mishipa ya ubongo, mtoto huweza kupata degedege na kupoteza fahamu.

3.0 Mbebaji na Mgonjwa

Mbebaji amerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu. Seli zake zina hemoglobini ya kawaida pamoja na ile ya selimundu. Kimelea kinapokuwa mahali penye oksijeni haba, hemoglobini ya selimundu hugandamana, ukuaji wa kimelea hudumaa, na protini za kunatia hujitokeza kwa uchache na kwa mpangilio mbovu. Bandama huiondoa seli hiyo mapema. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha ushahidi wa kinga hii, ukiwemo wa watoto wa Uganda. Tafiti za baadaye zimekadiria kuwa ubebaji hupunguza hatari ya malaria kali kwa takribani asilimia 90.

Mgonjwa amerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili. Bandama yake huharibika tangu utotoni, na damu yake ni pungufu hata asipougua. Hata vimelea vichache huweza kuishusha damu hiyo hadi kiwango cha kuua. Hivyo jeni ileile humlinda mmoja na kumweka mwingine hatarini.

4.0 Istilahi na Athari Zake

Kiswahili kimepata neno zuri, selimundu, linalochora umbo la seli iliyopinda kama mundu. Hata hivyo, katika mazungumzo neno hilo hutumika kwa mbebaji na kwa mgonjwa pia. Uchunguzi wa kitaifa wa sampuli za watoto wachanga karibu 100,000, uliofanyika Uganda mwaka 2014 na 2015, ulionyesha kuwa asilimia 13.3 walikuwa wabebaji na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Kauli kwamba "selimundu hukinga malaria" ni kweli kwa kundi la kwanza. Mzazi wa mtoto aliye katika kundi la pili akiiamini, huenda akaacha chandarua na dawa za kinga ambazo mwanawe anazihitaji kuliko wengine.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, "mbebaji wa jeni ya selimundu" na "mgonjwa wa selimundu" yawe majina mawili yasiyobadilishana katika nyaraka zote za afya. Pili, kila ujumbe unaotaja kinga ya mbebaji utaje papo hapo hatari ya mgonjwa. Tatu, wanaisimu washirikishwe kabla ujumbe haujachapishwa, kwa kuwa hapa usahihi wa istilahi ni sehemu ya tiba.