Pembe Huanzia Mlangoni
Witeithie, kando ya barabara kuu ya Thika, fundi wa mageti huweka skwea kwenye kona ya chuma kabla ya kuchomelea. Kona ikikosa nyuzi 90, geti hukwama. Somo la pembe lianzie hapo: mtoto afungue mlango, aone kwamba pembe ni kiasi cha kuzunguka, si urefu wa mistari.

Halafu karatasi. Ikikunjwa mara mbili, mkunjo juu ya mkunjo, hutoa pembe mraba. Ikikunjwa tena, nyuzi 45.

Kinachotatiza hasa ni kipimapembe. Kina safu mbili za namba, na mtoto mwenye haraka husoma 120 penye 60. Mwalimu amwulize kwanza: pembe hii ni kubwa au ndogo kuliko kona ya daftari lako?