SITA KWA KINYOZI, MTONI PAKACHIMBIKA!

Msomaji wangu, Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, Mtoni kwa Aziz Ali, nangoja zamu. Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la Mhindi: kijana na upinde wake, pembeni binti mwenye jicho kubwa kama samaki. Jamaa mmoja akang'aka, "Bandua hiyo, ni miungu ya watu!" Basi pakachimbika.

Nikawatuliza. Yule kijana ni Rama, na binti ni mkewe, Sita, wa hadithi takatifu ya Wahindu iitwayo Ramayana. Mtindo ule wa kuchora unaitwa Madhubani, jina la mji wa jimbo la Bihar, India, katika eneo la Mithila. Hadithi inasema Sita ni binti wa mfalme wa Mithila, kwa hiyo akina mama wa huko wanamchora kama mtoto wao wa nyumbani.

Nao hawakuanza kwa kusaka dola. Walichora kwenye kuta za udongo, hasa chumba cha maharusi, kwa masizi na manjano, mama akimfundisha binti. Mwaka 1934 tetemeko lilibomoa nyumba, ofisa mmoja Mwingereza, William Archer, akaona michoro kwenye kuta za ndani, akashangaa. Ukame wa 1966 na 1967 ulipoleta njaa, serikali ikawapelekea karatasi wachore, wauze. Mwaka 1975 mmoja wao, Jagdamba Devi, akatunukiwa nishani ya taifa, Padma Shri.

Turudi Bongo. Sisi tuna Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi. Alifariki 1972, lakini kazi yake inaendelezwa pale Morogoro Stores, Oysterbay.

Mshikaji wangu mmoja wa Tandika naye yumo. Chui, twiga, tembo, basi. "Ndicho anachonunua Mzungu," ananiambia. Simlaumu, kodi ya chumba haingoji. Lakini bibi yake, mzaliwa wa Masasi, ana ngano kibao za Sungura na Fisi, na umri umekwenda. Nikamwuliza, siku bibi akitutoka utazipata wapi? Kimya.

Mama wa Mithila walichora kwanza hadithi yao, mnunuzi akaja baadaye. Kaka, Jumapili hii mpelekee bibi sukari, kaa naye mkekani, msikilize. Halafu ndiyo ushike brashi.

Na ile kalenda? Bado ipo. Kinyozi kagoma kuibandua!