Enterviu ya UX: usiende na picha tu



Wadogo zetu watatu wameniandikia swali moja: wameitwa kwa enterviu ya kazi ya UX, wajitayarishe namna gani? Nawajibu hapa ili isaidie na wengine. Mjue tu kwamba mimi nilianguka enterviu mbili mbele ya kupata kazi ninayofanya leo, kwa hiyo mengi ya haya niliyajua kwa kuanguka.

Kwa wasiojua, UX ni kazi ya kuangalia kama mtu anayetumia kitu (programu, menyu ya simu, hata fomu ya karatasi) anafika alikotaka bila kupotea. Jina hilo lilijulikana kupitia Don Norman, aliyelitia ndani ya cheo chake pale Apple mwaka 1993. Kuchora skrini ni kipande kimoja tu cha kazi. Mimi sikulijua hilo siku ya kwanza.

Siku hiyo nilienda na skrini 20 nilizochora kwa Figma. Zilikuwa nzuri kweli. Mama aliyekuwa ananiuliza alizitazama zote, akasema: "Na nani aliitumia hii?" Nikanyamaza. Hakuna aliyeitumia. Ilikuwa programu ya kuagiza chakula katika mji ambao hata siujui. Aliniuliza mengine mawili kwa heshima, tukaagana.

Nilikasirika siku mbili, kisha nikaenda kuketi kwa kabini ya feza, karibu na soko la Mulongwe. Nilimuomba ruhusa Mama mwenye kabini, nikaketi asubuhi tatu, naandika kwa daftari. Niliona kwamba watu wengi wanakwama pahali pamoja: pale menyu inauliza dola ao franka. Mtu feza yake iko kwa dola, lakini kichwani anahesabu franka, ju sokoni kila kitu kinatajwa kwa franka. Tena menyu hizi za kubonyeza nyota na reli haziwezi kubeba zaidi ya herufi 182 kwa ujumbe mmoja, na ukikawia kufikiri inakatika, unaanza upya. Mama alikuwa ameandika kwa kartoni: DOLA 1, FRANKA 2, akaitundika mbele ya meza. Hakuna mtu aliyemfundisha UX!

Nilichora menyu mpya kwa karatasi, nikaijaribu na watu watano. Kwa nini watano? Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Unarekebisha, unajaribu tena. Wangu wote watano walisimama kwa neno "salio", ambalo mimi niliona ni Kiswahili kizuri. Kwetu watu wanasema "feza iliyobakia". Nikabadilisha. Hiyo karatasi, na picha ya kartoni ya Mama (aliniruhusu kuipiga), ndiyo kazi niliyoonyesha kwa enterviu ya tatu. Waliniuliza juu yake karibu nusu saa.

Kwa hiyo chagua kazi moja ao mbili tu, na uisimulie kama habari: nani alikuwa na shida, uliona nini, ulijaribu nini, nini ilikataa, ukabadilisha nini. Kile kilichokataa usikifiche, maana ndipo wanapokuangalia zaidi. Na useme "mimi" kwa uliyofanya wewe. Sisi hapa tumelelewa kusema "tulifanya", ni adabu, lakini anayeuliza anataka kujua mkono wako ulikuwa wapi.

Munasema hamna eksperiansi. Wangapi kati yetu walipita kwa ONG kuuliza watu maswali na KoboCollect kwa simu? Ukakaa mbele ya mzee wa Kiliba ao Sange, ukaona swali la saba halieleweki, ukalisema kwa namna nyingine, kisha ukamwambia msimamizi kwamba swali ni baya. Ule ni utafiti wa watumiaji kabisa. Uandike kwa CV. Lakini angalia: usionyeshe majina wala majibu ya wale watu. Hayo si mali yako, na kampuni nzuri itakukataa kwa sababu hiyo peke yake.

Kuko pia sehemu ya zoezi. Wanakupa tatizo, dakika 40, wanaangalia unavyofikiri. Mimi huwa nafanyisha wadogo zoezi hili: tengeneza programu ya tiketi za mashua kutoka Kalundu kwenda Baraka. Karibu wote wanaanza kuchora ukurasa wa kuingia, na neno la siri. Ngoja kwanza! Uliza. Nani ananunua? Ana simu ya namna gani? Analipa kwa mkono ao kwa simu? Mzigo unalipiwa namna gani, ju mama wa ndagala mzigo wake ndio safari yenyewe? Ziwa likichafuka na mashua isitoke, feza inarudi namna gani? Kule katikati ya maji hakuna rezo, tiketi itaonekana?

Na swali ambalo mdogo mmoja aliuliza, likaninyamazisha: orodha ya majina inabaki kwa nani nchi kavu? Sisi tuliokulia ziwani tunajua. Mashua ikizama, watu wanakimbia ufukweni, na swali la kwanza ni: walikuwa wangapi? Mara ngapi hakuna anayejua. Kwa hiyo programu ya tiketi ni orodha ya kutafutia watu mbele ya kuwa kitu cha kulipia. Ukifika hapo kwa zoezi, hata kama umechora mistari mitatu tu, umefanya kazi.

Enterviu yangu ya pili niliipoteza kwa saa. Kampuni ilikuwa Nairobi, waliandika saa 10:00. Nikaingia saa 10:00 ya kwetu, kumbe kule ilikuwa 11:00, wamekwisha funga. Nairobi iko mbele yetu saa moja, Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Uandike saa ya Uvira kwa karatasi na kuibandika ukutani. Na ukisikia "saa nne", uliza ni ya Kiswahili ao ya Kifaransa.

Umeme na mega mnajua wenyewe. Jaza batri usiku, weka inite za mtandao wa pili, na utume kazi yako kwa PDF siku moja mbele, ili ikikatika waendelee kutazama huku unawapigia. Ukikatika, rudi, omba radhi mara moja, endelea. Usiombe radhi dakika tano.

Mishahara: uliza ni dola ao franka, na ni kiasi kinachofika mkononi ao kabla ya makato. Si aibu kuuliza. Lakini mtu akikuomba feza "ya dosye" ili ufanyiwe enterviu, funga simu.

Mwishowe, zoeza kwa sauti. Mimi nilimsimulia dada yangu, anayeshona nguo na hajali mambo haya hata kidogo. Pale alipopiga miayo, nilikata. Mwenye enterviu wiki hii aniandikie, tupange dakika 20 jioni, mimi nitakuwa yule anayeuliza. Nitauliza vibaya kuliko wao.