Mashabiki wa Wesha na AFCON 2027: Hati ya safari kabla ya tiketi ya uwanjani

Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za mwaka 2027 zitachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, nchi zilizopewa uenyeji wa pamoja na Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) tarehe 27 Septemba, 2023. Kwa mashabiki wa Wesha, Wilaya ya Chake Chake, mashindano hayo hayajawahi kuwa karibu kiasi hiki. Hata hivyo, Taifa Stars ikivuka hatua ya makundi, huenda ikalazimu kuifuata nje ya mipaka.

Hamu hiyo si ngeni. Disemba 2017, Zanzibar Heroes ilifika fainali ya Kombe la Chalenji huko Machakos, Kenya, ikafungwa na wenyeji kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 2-2.

Mashabiki husafiri kwa makundi: huchangishana, hukodi basi na humchagua kiongozi wa msafara. Utaratibu huo hupunguza gharama, lakini mpakani kila msafiri hukaguliwa peke yake. Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Kenya wala Uganda. Msamaha huo haumuondolei wajibu wa kuwa na hati halali ya safari inayotolewa na Uhamiaji, na kiongozi wa msafara hawezi kumdhamini asiyekuwa nayo.

Anayekwenda Uganda anatakiwa pia kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hupigwa angalau siku 10 kabla ya kuingia nchini humo, na cheti chake hutumika maisha yote.

Kabla ya mpaka, ipo bahari. Wapo wanaoona njia ya mkato ni kupanda jahazi katika bandari bubu na kuelekea moja kwa moja Tanga au pwani ya Kenya. Njia hiyo humpitisha msafiri bila ya kukaguliwa, na chombo kikipata dharura hakuna anayejua nani walikuwemo. Pemba inaijua gharama ya uzembe wa baharini: usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba ilizama karibu na Nungwi ikiwa imezidisha abiria, na mamia ya watu walipoteza maisha.

Kwa hiyo, kundi linalokata tiketi za meli kwa pamoja lihakikishe kila tiketi ina jina la msafiri mwenyewe. Jina lisilokuwemo katika orodha ya abiria ni la mtu ambaye hakuna atakayejua kumtafuta.

Wananchi wanaokusudia kusafiri wanashauriwa kufika mapema ofisi za Uhamiaji zilizo karibu nao, kabla ya kuanza kuchangia nauli.