Mawanda ya Maneno ya Idadi Katika Semantiki ya Tarakilishi

"Wanafunzi wote hawajalipa karo." Karani anayeisoma sentensi hii huongozwa na muktadha: ama hakuna hata mmoja aliyelipa, ama wamo waliolipa na wasiolipa. Tarakilishi haina muktadha huo. Ikiagizwa kuwazuia wasiolipa wasifanye mtihani, nayo ishike maana ya kwanza pekee, itamzuia hata aliyelipa.

Kiini cha utata huu ni mawanda, yaani sehemu ya sentensi inayotawaliwa na neno la idadi au na ukanushi. Katika maana ya kwanza "wote" linautawala ukanushi. Katika ya pili ukanushi ndio unaotawala. Vivyo hivyo, "Kila mwanafunzi alisoma kitabu kimoja" yaweza kumaanisha kila mmoja na chake, au kitabu kile kile kwa wote.

Richard Montague, katika makala iliyochapishwa mwaka wa 1973, alizitenganisha maana kama hizi kwa kuipa sentensi moja njia mbili za kuundwa kisintaksia, ingawa msikilizaji haoni miundo miwili. Robin Cooper alibuni ghala: kirai nomino huwekwa kando maana ikijengwa, kisha hutolewa kwa mpangilio wowote. Hata hivyo, mipangilio huongezeka kwa kasi. Virai 3 huweza kutoa 6, virai 5 vikatoa 120. Ndiposa Johan Bos, mwaka wa 1996, akapendekeza uwakilishi wenye matundu. Vipande vya fomula huachwa bila kuunganishwa, pamoja na masharti kuhusu kipande kipi kiwe chini ya kipi. Uamuzi huahirishwa hadi utakapohitajika, na mara nyingi hauhitajiki.

Mbinu hizi zilijengwa hasa juu ya mifano ya Kiingereza, na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutua. Katika "Kila mwanafunzi alikisoma kitabu kimoja", kiambishi cha yambwa "-ki-" huuelekeza usomaji kwenye kitabu mahususi. Kichanganuzi kinachokiona kuwa upatanisho mtupu huitupa taarifa hiyo. Katika uwakilishi wa Bos, yatosha kuongeza sharti kwamba kipande cha "kitabu kimoja" kisiwe chini ya kile cha "kila". Lakini sharti hilo halihamishiki hadi kwenye "Kila mwalimu alimwita mwanafunzi mmoja". Hapo "-m-" huhitajika kwa kuwa yambwa ni mtu, na utata husalia palepale.