Thamani ya Maji ya Kighare

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo husikika sana madukani na katika vyama vya ushirika. Leo tunapenda kuutumia kwa mali nyingine, ambayo taifa letu bado halijaiandikia daftari lililokamilika: maji ya milimani pamoja na misitu, udongo na vijito vinavyoyatunza.

Mfano wetu ni Kighare. Hii ni kata ya Usangi katika Milima ya Upare ya Kaskazini, Mkoa wa Kilimanjaro. Zamani wakazi wake walikwenda Same kwa shughuli za kiserikali, kwani ndiko yalikokuwa makao makuu ya Wilaya ya Pare. Tangu mwaka 1979 wako katika Wilaya ya Mwanga. Msafiri apitaye katika barabara kuu ya tambarare, kati ya Same na Mwanga, huona nchi kavu, vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Lakini akipanda mlima hukuta migomba, mibuni, na vijito visivyokauka upesi. Tofauti hiyo si muujiza, wala si bahati ya Wapare. Ni kazi inayofanywa mchana na usiku na misitu iliyosalia vileleni, kama vile Kindoroko, inayosimama kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000.

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza: milima hiyo iko bara, mbali na pwani yetu, basi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, mvua ya milima hiyo hutoka katika Bahari ya Hindi. Pepo zile zile zilizojaza matanga ya majahazi yetu tangu enzi za mababu ndizo zinazopeleka unyevu bara, nazo zinapogonga milima hulazimika kupanda, kupoa na kugeuka ukungu na mvua. Pili, maji hayo hurudi. Vijito vya Upare wa Kaskazini huelekea upande wa Ziwa Jipe na upande wa bonde la Mto Pangani. Na Jipe lenyewe humwaga maji yake kwa njia ya mto uendao katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hata mwisho wa safari yote ukawa mji wa Pangani, ng'ambo ya mkondo wa bahari kutoka visiwani petu. Huko Pangani wananchi wameona jinsi maji ya chumvi yanavyopanda mtoni kila nguvu ya mto inapopungua. Anayekata mti Usangi na anayekosa maji matamu mdomoni mwa mto wamefungwa kwa kamba moja.

Hatuna budi kueleza kwanza maana ya thamani tunayoizungumzia. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2005 kuhusu hali ya mazingira duniani iligawa huduma za maumbile katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni vitu tunavyovichukua: maji ya kunywa, samaki, kuni, dawa. La pili ni kazi ya kudhibiti: msitu huipokea mvua kubwa, huipunguza kasi, huipitisha ardhini, kisha huitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. La tatu ni mambo ya utamaduni na ibada. La nne ni kazi zinazobeba nyingine zote, kama kutengeneza udongo. Katika mafungu hayo, serikali zetu na masoko yetu yamezoea kuhesabu la kwanza tu, tena kwa sehemu. Gogo likishushwa mlimani hupata bei siku hiyo hiyo. Kazi ya mti ule ule kulinda chemchemi kwa miaka hamsini haikuandikwa popote.

Wazee wa Upare hawakuwa na wataalamu wa uchumi, lakini daftari walikuwa nalo, ingawa halikuwa la karatasi. Chemchemi ya mlimani mara nyingi ni ndogo. Maji yake yakiachwa yaende mferejini yalivyo, hunywewa na ardhi kabla hayajafika shamba la mbali. Kwa hiyo walijenga ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe. Usiku ndiva hujaa. Alfajiri hufunguliwa, na maji hutoka kwa nguvu ya kutosha kufika mwisho wa mfereji. Kila mtu alikuwa na zamu yake. Mfereji ulipoziba au ukuta ulipobomoka, ilipigwa mbiu ya msaragambo, na kila kaya ilitoa mtu wa kufanya kazi. Asiyefika alitozwa faini. Misitu mitakatifu ya koo nayo haikuguswa, na mingi kati ya hiyo ilisimama mahali penye chemchemi. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba wanywaji wa maji waliyalipia kwa jasho, na malipo yalirudi pale pale maji yalipotoka.

Daftari hilo liliharibika. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na hatua hiyo ilikuwa ya lazima katika kujenga taifa la watu walio sawa. Lakini pamoja na kiti cha chifu iliondoka pia nguvu ya kumtoza faini anayelima ukingoni mwa kijito, na kwa muda mrefu hapakuwekwa mrithi mwenye nguvu hiyo. Misitu ya mila ikaanza kukatwa. Mifereji mingine ikaachwa. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka ishirini wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji safi karibu na makazi yao ifikapo 1991. Lengo lilikuwa jema, na mabomba mengi yalijengwa. Hata hivyo, ilipofika 1991, wengi walikuwa bado hawajafikiwa, mitambo mingi ilikuwa imekwisha kusimama, na Sera ya Maji ya mwaka huo ikaanza kuwataka wananchi wachangie gharama. Tangu hapo bomba lina bei, pampu ina bei, na dizeli ina bei. Chanzo chenyewe hakijapata bei.

Wako watakaosema kwamba kuyapima maji kwa fedha ni kuyageuza bidhaa ya mabepari. Hofu hiyo tunaielewa, lakini thamani si bei. Bei ni kile anachodai muuzaji. Thamani ni kile tutakachopoteza kitu kikitoweka. Tukisema kwamba chemchemi ya Kighare ina thamani, hatusemi iuzwe. Tunasema afisa wa mipango aijue hasara kabla hajatia sahihi.

Njia za kuipima hasara hiyo zipo, na si za ajabu. Tukitaka kujua thamani ya kijito, tuulize: kikikauka, maji yatapandishwa mlimani kwa gharama gani? Akina mama watatembea saa ngapi zaidi kwa siku, na saa hizo zingelima nini? Mavuno ya ndizi na maharage yatapungua kwa kiasi gani? Tope likishuka, bwawa la chini litapoteza nafasi kiasi gani? Maswali haya yana majibu yanayohesabika. Chini ya mto huo ipo mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu yenye megawati 8, ya Hale yenye megawati 21, na ya New Pangani Falls yenye megawati 68. Mwaka 2025 ulizinduliwa pia mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa lile lile la Nyumba ya Mungu. Fedha nyingi za umma zimewekwa katika mabomba na matangi yake. Je, ni busara kuwekeza katika bomba na kusahau mlima?

Sasa tufike kwenye kiini cha tatizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Ni sheria nzuri. Lakini afisa aipeleke Usangi, kwenye mteremko mkali ambako mashamba ni madogo na yamegawanywa kizazi hata kizazi. Mkulima ambaye shamba lake linapakana na kijito kwa urefu wa mita 100 ataambiwa aache mita za mraba 6,000, yaani karibu ekari moja na nusu. Kwa wengi hilo ndilo shamba lote. Tunamwambia ale nini? Ikiwa faida ya maji anayoyalinda inakwenda kwenye viwanda, mashamba makubwa na miji ya chini, na hasara inabaki kwake peke yake, basi hatujahifadhi mazingira. Tumemtoza maskini kodi bila kuitaja kwa jina lake.

Na Wapare wanajua habari za kodi za namna hiyo. Mwaka 1945 maelfu yao waliandamana hadi Same kupinga mbiru, kodi ya kikoloni iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Walichokataa si kuchangia maendeleo. Walikataa mali zao kukadiriwa juu ya vichwa vyao, kwa kipimo wasichokijua. Fundisho hilo halijapitwa na wakati. Mtaalamu atakayekwenda kukadiria thamani ya maji ya Kighare bila kukaa na kamati za mifereji, wazee na akina mama wachotao maji, atarudi na kitabu kizuri ambacho hakuna atakayekitii.

Ipo mifano ya njia bora. Katika Milima ya Uluguru, ambako chanzo cha maji ya Dar es Salaam kinatunzwa, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kuchimba matuta ya ngazi na kupanda miti, na shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, DAWASCO, likakubali mwaka 2008 kuwa miongoni mwa walipaji. Mpango ule ulionyesha kwamba mnywaji wa mjini na mkulima wa mlimani wanaweza kufanya mapatano. Ulionyesha pia udhaifu: jambo la namna hii likitegemea mno mfuko wa wafadhili, halina uhakika wa kesho. Mbali zaidi, mji wa New York nchini Marekani ulikadiria katika miaka ya 1990 kwamba mtambo wa kuchuja maji yake ungegharimu dola bilioni 6 au zaidi. Mwaka 1997 ukafunga mapatano na wenyeji wa milima ya Catskill, kulinda vyanzo kwa gharama iliyo ndogo sana kuliko hiyo. Matajiri hao hawakufanya hivyo kwa huruma. Walipiga hesabu.

Turudi nyumbani visiwani. Sisi hatuna mito mikubwa. Tunaishi kwa mvua inayojificha ardhini na kwa chemchemi. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji wa Unguja maji ya chemchemi kwa mfereji. Vyanzo vya upande huo wa Bububu bado vinategemea Msitu wa Masingini. Kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi ya 1964 maji yalitolewa bila malipo. Kisha Sheria ya Maji Namba 4 ya mwaka 2006 ikaunda Mamlaka ya Maji, ZAWA, na ada ikaingia. Wananchi wana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya ada hiyo inayorudi Masingini, na ni nani anayewafikiria majirani wa msitu huo wanaoambiwa wasikate wala wasijenge. Hoteli ya ufukweni inayovuta maji ya kisima hadi chumvi ikaingia katika visima vya kijiji jirani inatumia mali ambayo haimo katika hesabu zake. Swali la Kighare ni swali letu.

Hivyo basi, tunatoa wito kwa wahusika katika mambo matatu. Kwanza, kila mradi wa maji unaopelekwa kuombewa fedha uwe na fungu la kutunza chanzo, lililoandikwa kwa tarakimu, sawa na fungu la mabomba. Pili, sehemu ya ada ya watumiaji wakubwa wa maji, wakiwamo wazalishaji wa umeme, irudi kwa vijiji vilivyo juu ya chanzo, kupitia jumuiya za watumiaji maji zinazotambuliwa na Sheria ya mwaka 2009, na hesabu zake zisomwe hadharani katika mkutano wa kijiji. Tatu, pale mita 60 zinapomla mkulima shamba lake, apewe badala yake kabla ya kupewa amri: miche ya miti ya matunda inayoshika udongo, msaada wa matuta, au fidia ya haki.

Dini zetu zimetufundisha kwamba maji ni amana. Mwislamu hukatazwa kuyafuja hata anapotawadha kando ya mto. Amana huandikwa, hukabidhiwa, na huulizwa. Wananchi wa Kighare wamekaa na amana hiyo kwa muda mrefu, usiku wakijaza ndiva na asubuhi wakifungulia wenzao wa chini. Vikao vya bajeti vinapokaribia, tunawaomba waheshimiwa wawakilishi, wabunge na maafisa mipango wafungue ukurasa mpya katika daftari la nchi, waandike juu yake jina la mlima, na mkabala wake waandike kiasi tunachodaiwa.